Risasi ya koyote na mbweha bila kuharibu ngozi: vichwa na kaliba, kimoja kando ya kingine

Mnunuzi wa manyoya akipokea ngozi ya koyote hufanya mambo mawili kwa haraka. Anaikung'uta na kuyapuliza manyoya aone yamejaa kiasi gani, kisha anaingiza mkono ndani ya ngozi, ambayo imechunwa nzima kama soksi, kutafuta matundu. Tundu dogo lililoshonwa vizuri analisamehe. Tundu la kupitisha ngumi ubavuni halisamehewi: ngozi inashuka daraja, na mara nyingine inakosa bei kabisa. Kwa kiasi kikubwa tofauti hiyo huamuliwa dukani, siku mwindaji anapochagua boksi la risasi.

Ulinganisho huu nimewaandikia wasomaji wa Kiswahili walioko Marekani na Canada, hasa walioanza kuwinda katika majimbo ya nyanda na milima: Montana, Wyoming, Idaho, Dakota zote mbili. Nyumbani suala hili halipo. Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977, na Tanzania, ambako uwindaji wa leseni upo, biashara ya manyoya ya bweha si desturi yetu. Huku ni jambo la kawaida. Koyote ni jamii ya bweha wetu ila mzito zaidi, kwa wastani kilo 11 hadi 18 upande wa Magharibi. Mbweha mwekundu (red fox) ni mdogo sana kwake, kilo 4 hadi 6 tu. Wa tatu ni bobkati, paka wa mwituni mwenye mkia mfupi na vishungi vidogo masikioni.

Kabla ya risasi, sheria. Mwenye kibali cha ukaazi wa kudumu anaruhusiwa na sheria ya shirikisho la Marekani kumiliki bunduki. Aliye kwa viza ya muda kwa kawaida haruhusiwi isipokuwa kwa masharti maalumu, mojawapo likiwa kuwa na leseni halali ya uwindaji. Uliza ofisi ya wanyamapori ya jimbo lako kabla hujanunua chochote. Katika majimbo mengi ya Magharibi koyote hana msimu uliofungwa, lakini mbweha na bobkati mara nyingi wana msimu wao, na ngozi ya bobkati lazima ifungwe lebo rasmi kabla ya kuuzwa nje ya nchi kwa sababu mnyama huyo yumo katika Kiambatisho cha Pili cha mkataba wa CITES, unaosimamia biashara ya kimataifa ya wanyama na mimea ya porini. California inadai risasi zisizo na madini ya risasi kwa uwindaji wote tangu Julai 2019.

Na soko? Bei za sasa si zile za katikati ya miaka ya 2010, wakati koyote mweupe wa Magharibi alipotafutwa kwa ajili ya kola za makoti ya baridi. Kampuni ya mnada wa manyoya ya North American Fur Auctions iliomba kinga dhidi ya wadai wake mwaka 2019, na Juni 2021 Canada Goose, watengenezaji wa makoti hayo, ikatangaza kwamba itaacha kununua manyoya. Mnada wa Fur Harvesters kule North Bay, Ontario, bado upo. Zamani, bei ilipokuwa juu, hata ngozi iliyotoboka ilipata mtu wa kuichukua. Siku hizi mnunuzi anachagua, na ngozi yenye kasoro inabaki mikononi mwako.

Kinachotokea kichwa kinapogonga

Kwa mnyama wa ukubwa wa koyote, kichwa cha risasi, yaani kipande kinachoruka kutoka mtutuni, kinaweza kufanya mojawapo ya mambo manne. Ukiyaelewa haya, majina yaliyoandikwa kwenye boksi yatakuwa na maana.

La kwanza ndilo tunalolitafuta: kichwa kinaingia kwa tundu dogo, kinavunjika vipande ndani ya kifua, nguvu yake yote inaishia kwenye mapafu na moyo, na hakitoki upande wa pili. Tundu moja tu la milimita 5 au 6, na mnyama anaanguka pale pale.

La pili, kichwa kinapita moja kwa moja bila kutanuka, kinaacha matundu mawili madogo. Ngozi inapona. Mnyama huenda akakimbia mita 200 kabla ya kufa, na katika theluji inayopeperushwa na upepo unaweza usimpate tena.

La tatu ndilo linaloharibu ngozi nyingi kuliko yote: kichwa kinatanuka, lakini kinabaki na uzito wa kutosha kutoka upande wa pili, kikisukuma mbele yake vipande vya mfupa na nyama. Kuingia ni tundu la kalamu, kutokea ni tundu la sahani.

La nne ni kupasukia juu. Kichwa chepesi kilichotengenezwa kwa shaba nyembamba, kikienda kwa kasi kubwa mno, kinagonga mfupa wa bega na kulipuka pale pale bila kufika kifuani. Kidonda kinakuwa kipana, ngozi ya bega inachanika, na mnyama anaondoka akiwa hai na maumivu. Huu ndio uovu wa kuepuka kabla ya kufikiria ngozi.

Kwa hiyo tunatafuta kichwa kigumu kiasi cha kupenya bega na mbavu, na laini kiasi cha kutofika upande wa pili. Nafasi kati ya hayo mawili ni finyu, kwa sababu koyote anadanganya kwa manyoya. Ukimchuna utashangaa: kifua chake, kikipimwa kutoka ubavu hadi ubavu, hakifiki shubiri.

Jambo linalosahaulika ni kwamba kasi iliyoandikwa kwenye boksi ni ya mdomo wa mtutu. Kichwa cha greni 55 (greni ni kipimo cha uzito, 15.4 ni gramu moja) cha Hornady V-Max katika kaliba ya .223 Remington kinatoka kwa futi 3,240 kwa sekunde. Kikifika yadi 100, yaani mita 91, kimebakiwa na futi 2,854. Kwenye yadi 200 ni 2,500, na kwenye yadi 300 ni 2,172. Kichwa kile kile kinachovunjika vipande mbele ya mwindaji anayeita koyote hadi yadi 40 kinaweza kupita na kutokea upande wa pili kwa yule anayepiga ng'ambo ya bonde. Ndiyo maana wawindaji wawili wazoefu wanaweza kubishana juu ya boksi moja na wote wakawa wanasema kweli. Jiulize kwanza: wanyama wangu wengi nawapiga umbali gani? Ukitumia filimbi ya kuiga sungura anayelia kwenye vichaka, ni yadi 30 hadi 120. Katika nyanda za wazi, 150 hadi 300.

Vichwa vyenye ncha ya plastiki dhidi ya vyenye shimo nchani

Ncha ya plastiki ndiyo inayotawala siku hizi: Hornady V-Max, Nosler Ballistic Tip ya aina ya Varmint, Sierra BlitzKing. Ncha hiyo inakipa kichwa umbo la kukata upepo, na kinapogonga inasukumwa nyuma kama kabari na kukifungua. Hakuna kuchelewa: kinafunguka hata kasi ikiwa imeshuka, na kinafanya hivyo kwa namna ile ile kila mara. Kwa ngozi, kutabirika huko ni mali kubwa.

Vichwa vyenye shimo nchani vilikuwepo kabla ya hapo na bado ni vizuri, ila usivichukue vyote kuwa kitu kimoja. Speer TNT ina gamba jembamba, yaani shaba inayofunika madini ya risasi, inavunjika upesi, na kwa mbweha inafaa sana. Sierra GameKing ya greni 55 yenye shimo ina gamba nene zaidi, na katika .22-250 au .220 Swift inapenya vizuri bega la koyote bila kupasukia juu. Kuna pia vya mashindano ya shabaha, vya greni 52 na 53, ambavyo vina shimo dogo nchani lakini shimo hilo limetokana na jinsi vilivyotengenezwa. Halikuwekwa ili kufungua kichwa. Watu wanavitumia kwa sababu vinapiga karibu karibu kwenye karatasi. Kwa mnyama havitabiriki: hiki kinavunjika, kile kinapita. Sierra wenyewe hawavipendekezi vya MatchKing kwa uwindaji, na mimi nawaunga mkono.

Onyo moja kwa wenye bunduki za mtindo wa AR-15. Mitutu yao mingi ina msokoto, yaani mifereji ya ndani inayokizungusha kichwa, wa mzunguko mmoja kila inchi 7 au 8, uliowekwa kwa ajili ya vichwa virefu na vizito. Kichwa kikitoka kwa futi 3,240 kwenye msokoto wa inchi 7, kinazunguka zaidi ya mara 330,000 kwa dakika. Kwenye msokoto wa zamani wa inchi 12, kama 194,000. Gamba jembamba sana linaweza lisistahimili. Hornady SX, kwa mfano, kilitengenezwa kwa kasi zisizozidi futi 3,500, na kwenye mtutu wa msokoto mkali kinaweza kusambaratika hewani kabla ya kufika. Ukiona karatasi ya shabaha ina michirizi ya kijivu, au risasi haikufika kabisa, tafuta sababu hapo. V-Max na BlitzKing zina magamba yanayostahimili zaidi.

Ncha laini

Hizi ni zile za bei nafuu, madini ya risasi yakionekana nchani. Zilitengenezwa ili zitanuke na kuendelea kupenya, na kwa mnyama wa nyama hiyo ni sifa. Kwa koyote ndilo lile jambo la tatu nililolieleza juu. Katika .223 ya greni 55, kwa mnyama aliyesimama kiubavu, tegemea tundu la kutokea. Nazipitia haraka kwa sababu sioni hali ambayo ningezichagua mbele ya ncha ya plastiki, isipokuwa hakuna kingine dukani.

Vichwa vilivyofunikwa shaba mwili mzima

Ubishi mkubwa uko hapa. Hoja ya wanaovipenda ni nyepesi kueleweka: kichwa kisichotanuka kinaacha matundu mawili ya kalamu, unayashona kwa dakika tano, na bei ya boksi ni ndogo kuliko zote. Kwa mbweha mdogo anayepigwa kifuani kwa utulivu, mara nyingi ndivyo inavyokuwa.

Ila kuna mambo mawili yanayonifanya nisivipendekeze kwa koyote. Kwanza, havipiti kila mara kwa unyoofu. Kichwa cha kijeshi cha greni 55 cha .223, kikiwa bado na kasi kubwa, kinapinduka ndani ya mwili na kukatika kwenye mfereji mdogo uliozunguka kiuno chake. Hilo hutokea karibu, kwenye kasi za zaidi ya futi 2,700 hivi, na likitokea unapata tundu baya la kutokea ulilodhani umeliepuka. Kwa hiyo karibu kinaweza kuchana ngozi, na mbali kinatoboa tu. Pili, hapo mbali kinapotoboa tu, mnyama asiyepigwa moyoni au kwenye uti wa mgongo anakwenda. Kumwacha koyote afe polepole shimoni kwa sababu ya kuokoa tundu la kushona ni jambo nisilolikubali. Ongeza kwamba vichwa hivi vinaruka vibaya vikigonga jiwe au ardhi iliyoganda, na nyanda hizi zina nyumba za wafugaji na ng'ombe wa watu. Majimbo kadhaa yanavikataza kwa baadhi ya wanyama. Soma kanuni za jimbo lako.

Visivyo na madini ya risasi

Barnes Varmint Grenade ina kiini cha unga wa shaba na bati ulioshindiliwa. Kikigonga kinageuka kuwa unga tena. Hornady NTX ina ncha ya plastiki kama V-Max lakini kiini chake si madini ya risasi. Vyote viwili ni vyepesi kwa ukubwa wake: NTX ya .204 ni greni 24, ya .223 ni greni 35 inayotoka kwa futi 4,000. Wepesi huo ndio nguvu na udhaifu wao. Kwa mbweha na kwa koyote anayekutazama uso kwa uso vinafanya kazi safi, na mara nyingi hakuna tundu la kutokea. Kwa bega la koyote mkubwa, karibu, hatari ya kupasukia juu ipo. Subiri bega litoke njiani. Mbali, upepo unavichezea.

Sababu ya kuvifikiria hata mahali ambapo sheria haikulazimishi ni tai. Baada ya kuchuna, mzoga unabaki, na tai weupe kichwa na tai wa dhahabu hula mizoga majira ya baridi pamoja na vumbi la madini ya risasi lililomo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2022, uliopima tai 1,210 kutoka majimbo 38, ulikuta karibu nusu yao wana dalili za sumu hiyo ya muda mrefu. Kichwa kinachovunjika vipande vingi ndani ya kifua ndicho kinachookoa ngozi, na ndicho hicho hicho kinachoacha vumbi jingi zaidi. Anayetumia V-Max azike mzoga au auondoe porini.

Kaliba, kwa jedwali

Kasi ni za mdomo wa mtutu, kwa futi kwa sekunde, kwa risasi za kiwandani. Uzito ni greni. Vichwa vyote hapa ni vya kuvunjika haraka.

| Kaliba | Kichwa | Kasi | Kwa mbweha mwekundu | Kwa koyote |
|---|---|---|---|---|
| .17 HMR | 17 | 2,550 | Nzuri hadi yadi 100 | Dhaifu, usiitegemee |
| .17 Hornet | 20 | 3,650 | Bora kabisa | Kifuani tu, karibu |
| .17 Remington | 25 | karibu 4,040 | Nzuri sana | Tundu dogo mno. Upepo ni adui |
| .204 Ruger | 32 | 4,225 | Nzuri | Epuka bega |
| .204 Ruger | 40 | 3,900 | Nzuri | Chaguo langu la kwanza |
| .223 Remington | 40 | 3,800 | Nzuri | Nzuri kwa umbali mfupi na wa wastani |
| .223 Remington | 55 | 3,240 | Hutoboka wakati mwingine | Ya kutegemewa, hutoka mara chache |
| .22-250 | 55 | 3,680 | Kubwa mno | Huua vizuri, hushonwa sana |
| .243 Winchester | 58 | 3,750 | Kubwa mno | Kwa mbali na upepo |

Kuhusu .17 HMR: iliingia sokoni mwaka 2002, ina risasi nyepesi na bunduki za bei nafuu, na wengi huanzia hapo. Kichwa chake cha gramu 1.1 kinapofika yadi 100 kimeshuka hadi futi 1,901. Mbweha anaanguka. Koyote akipigwa vizuri anaweza kuanguka, akipigwa vibaya kidogo hapatikani. Sidhani tunda la ngozi safi linafaa kuchumwa kwa bahati nasibu ya namna hiyo.

.17 Remington ya mwaka 1971 ndiyo kipenzi cha wachunaji wa zamani, na ukiiona ikifanya kazi utaelewa. Tundu la kuingilia la milimita 4 na kidogo linapotea ndani ya manyoya ya baridi. Wakati wa kuchuna unalitafuta kwa vidole upande wa nyama. Lakini mtutu mwembamba hivyo unachafuka haraka, unadai fimbo yake ya kusafishia, risasi zake ni adimu madukani, na siku ya upepo wa Wyoming, yaani siku nyingi tu, greni 25 zinasukumwa kando kuliko unavyodhani.

.204 Ruger, iliyotoka mwaka 2004, inastahili kuangaliwa kwa undani kwa sababu vichwa vyake viwili vinaonyesha kosa la kununua kwa kasi. Greni 32 inatoka kwa 4,225, greni 40 kwa 3,900. Muuzaji atakuonyesha ile ya kwanza. Kwenye yadi 200 zimekaribiana: 3,137 na 3,103. Kwenye yadi 300 ile nzito imeshaipita: 2,755 kwa 2,683. Basi kasi ya ziada ya greni 32 ipo karibu tu, na karibu ndipo isipotakiwa, kwa sababu hapo ndipo kichwa chepesi hupasukia begani. Greni 40, au BlitzKing ya greni 39, inaingia, inapita bega, inavunjika katika mapafu. Mtikisiko wa bunduki ni mdogo kiasi kwamba unamwona mnyama kwenye darubini wakati risasi inamfikia, na hilo linakusaidia kujua papo hapo kama unahitaji kupiga tena.

.223 ndiyo iliyo mikononi mwa wengi, na risasi zake ziko kila duka. Hapa uchaguzi ni umbali. Anayeita koyote kwenye vichaka achukue greni 40 au 50 zenye ncha ya plastiki: zinaanza kwa kasi na kumalizikia ndani. Anayepiga mbali achukue 53 au 55, zinastahimili upepo vizuri zaidi, akikubali kwamba mara moja moja, koyote akisimama kiubavu na kichwa kikapita kati ya mbavu bila kugusa mfupa, kutakuwa na tundu la kutokea la ukubwa wa sarafu. Linashonwa.

.22-250 na .243 zina tatizo la wingi wa nguvu. Kwa .22-250, njia mbili hufaa, nazo zinaelekea pande tofauti: nenda kwenye greni 40 inayotoka kwa futi 4,150 ili ivunjike kabisa ndani, au, kama unajaza risasi zako mwenyewe, shusha kasi ya greni 55 ikaribie ile ya .223. Anayetumia greni 55 ya kiwandani kwa yadi 60 atakuwa na kazi ya sindano. Kwa .243, ambayo wengi wanayo kwa ajili ya kulungu, kosa ni kwenda na risasi zile zile za greni 100 za ncha laini. Hizo zinatoka upande wa pili na kuondoka na kipande. Tumia 55 au 58 ya kuvunjika, na uiweke kwa siku za upepo na umbali mrefu.

Bunduki ya marisau nayo ina nafasi yake pale vichaka vinapobana na mnyama anatokea yadi 30. Marisau makubwa yanaacha matundu mengi, lakini madogo, na mengi hayatoki. Zaidi ya yadi 40 mtawanyiko unageuka kuwa wa kujeruhi.

Pembe ya mnyama

Risasi yoyote katika jedwali inaweza kuharibu ngozi ikipigwa vibaya. Pembe salama kuliko zote kwa ngozi ni ya mbele: koyote anayekuja kwenye filimbi anakutazama, na kichwa kinaingia pale shingo inapokutana na kifua. Njia ya ndani ni ndefu, yote ni mapafu, ini na tumbo, na hata greni 55 inamalizikia humo. Kiubavu, lenga nyuma kidogo ya bega, theluthi ya chini ya kifua. Mshazari ndio wa kuogopa: kichwa kinaingia ubavu wa nyuma na kutokea mbele ya bega, au kinyume chake, na njiani kinakutana na mifupa inayogeuka kuwa marisau mengine. Subiri. Ukitoa mlio mfupi wa mdomo, mara nyingi koyote husimama na kugeuka.

Tumbo lisiguswe kamwe, na kwa bobkati nasema hivi kwa mkazo. Thamani yake iko kwenye tumbo jeupe lenye madoa meusi; hicho ndicho mnunuzi anachokipima kwa upana. Tundu la mgongoni unaweza kulishona na likafichwa na manyoya. Tumbo lililochanika halifichiki. Kwa bobkati tumia kitu chepesi kuliko unachotumia kwa koyote, .17 Hornet, au .204 kwa mbele, kwani ni mnyama anayekaa akitazama kwa dakika nyingi na kukupa nafasi ya kuchagua.

Tundu lililokwisha kutokea

Mnyama akianguka, ziba tundu mara moja kwa pamba au karatasi laini ili damu isiingie katika manyoya wakati unambeba. Damu iliyoganda inaleta hasara kuliko tundu lenyewe. Ikiingia, ioshe kwa maji baridi kabla haijakauka. Baada ya kuchuna na kukwangua mafuta, shona kutoka upande wa nyama kabla ya kuiwamba kwenye ubao. Tundu la mviringo lipunguze kwanza liwe na umbo la jicho, lililolala kufuata urefu wa mwili, kisha shona kwa mishono midogo. Ukiliacha mviringo ngozi inajikunja na kuonyesha kovu kwenye manyoya. Tundu lisiloshonwa hutanuka likiwambwa, na la sentimita 2 linakuwa la 5.

Ununue kipi

Unaanza na huna bunduki, na koyote ndiye lengo lako: .204 Ruger yenye greni 40. Una .223 tayari: usinunue bunduki nyingine, nunua boksi la greni 50 za ncha ya plastiki na boksi la greni 55, uzipime zote mbili kwenye uwanja wa shabaha kwa sababu kila mtutu una risasi inayoupendeza, na uchague iliyokusanya matundu karibu zaidi. Mbweha ndiye mwingi kwenu, kama ilivyo katika mashamba ya Mashariki: .17 Hornet. Uko California, au unapowinda pana tai wengi: NTX au Varmint Grenade, ukipiga mbele na ukiacha mabega. Una .243 ya kulungu na hutaki gharama: greni 58, na usipige chini ya yadi 100 kama ngozi ndiyo unayoitaka.

Yoyote utakayoichukua, ipime upya bunduki siku yenye baridi kama ile utakayowindia. Risasi iliyolengeshwa Agosti kwenye nyuzi joto 30 inaweza kugonga mahali pengine Januari kwenye nyuzi 20 chini ya sifuri, na kwa kifua kisichofika shubiri tofauti ya sentimita chache ndiyo inayotenganisha mapafu na tumbo.